Sita kwa Wakati Mmoja

Elmina Obure hakuwa akiomba makubwa. Alitaka siku thelathini za likizo, siku ambazo ni zake kwa sheria, na kwa miaka sita alikuwa hajazipata. Miguu ilikuwa imemvimba. Presha ilipanda na kushuka ipendavyo. Mwezi wa Julai daktari wa hospitali ya misheni alimwangalia, akaweka kalamu chini, akamwambia, "Mama, dawa peke yake haitoshi, wewe unahitaji kupumzika." Elmina akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kupumzika! Na ile foleni amwachie nani?

Wacha nikueleze hiyo foleni, maana ndiyo iliyommaliza huyu mama.

Kampuni ya Tulwobei ni ya wakulima wa chai, viwanda saba vilivyotawanyika kutoka Kericho hadi Konoin, kupita Mogogosiek na kuendelea mpaka Boito. Kila kiwanda kina kompyuta za kupokea uzito wa majani, za stoo, za kuangalia vitanda vya kunyaushia majani. Lakini ukienda kiwandani kuzitafuta utapata vioo na kibodi tu. Kompyuta zenyewe ni mashine pepe, kompyuta zisizo na mwili, hamsini na mbili kwa jumla. Zote zinaishi ndani ya seva nne zilizo katika chumba kimoja baridi nyuma ya ofisi kuu, mlango wa pili baada ya choo. Chumba hicho kilikuwa cha Elmina.

Karani wa kiwanda akitaka kuwasha mashine yake, kuizima au kuinakili, hamwombi mtu. Anafungua ukurasa wa mfumo, anabonyeza, na ombi lake linapanga laini. Mfumo unafanya maombi sita kwa wakati mmoja. La saba linangoja moja la mbele limalizike. Hiyo sita aliiandika Elmina mwenyewe, na makarani wa viwanda saba walimnunia kwa ajili yake kila siku ya Mungu.

Wangekuwa na kumbukumbu wasingenuna. Mwaka wa kwanza hapakuwa na kikomo chochote. Stima ilipotea mchana mmoja, ikarudi, na mashine zote hamsini na mbili zikaamka pamoja, kila moja ikitaka diski isome yake kwanza. Diski zikazidiwa. Mashine zikakwama katikati, haziwaki wala hazizimiki, kwa siku mbili. Malori ya majani mabichi yalijipanga nje ya viwanda hadi majani yakapata moto humo ndani na kugeuka mekundu. Harufu ya majani yaliyoungua kwenye lori Elmina aliijua tangu utotoni, kwa kuwa alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, mtoto wa Rebeccah, mchuma chai aliyetoka Nyamira akiwa msichana. Akajaribu mashine kumi kwa wakati, zikakwama. Akajaribu nane, zikasuasua. Sita zikapita. Akaandika sita, akaapa kwamba namba hiyo haitaguswa akiwa hai.

Wala hakuzaliwa akijua mambo haya. Alimaliza kidato cha nne, akaajiriwa karani wa kupima majani kwenye banda la wakulima, na mizani za kompyuta zilipokuja, wenzake wakaziogopa, yeye akazikalia. Akasoma kozi za Jumamosi mjini Kericho, mtoto mgongoni. Mumewe, Onsongo, alikuwa akifundisha shule ya msingi huko Fort Ternan, na walikutana mwisho wa wiki kama wachumba. Mwisho wa wiki pia ukaliwa na foleni. Onsongo mtu wa watu akajifunza kujipikia, asiseme kitu.

Basi Agosti hii meneja wake, Mochama, alimkuta ameegemea ukuta wa korido, anahema.

"Elmina, ukianguka hapa mimi nitamwambia nini Onsongo?"

"Mwambie nilikufa nikiwa kazini. Hatashangaa."

"Mimi sichezi. Nitakusainia siku thelathini. Lakini kwa sharti moja." Mochama akanyoosha kidole kuelekea chumba baridi. "Alhamisi nzima Kipkurui ashike foleni. Wewe ukae naye humo ndani, usiguse kitu, usiseme neno. Ikifika saa kumi na moja jioni majani hayajaungua na ile sita yako haijaguswa, Ijumaa unaenda. Ukifungua mdomo, hakuna likizo, nitajua bado hawezi."

Kipkurui alikuwa msaidizi wa Elmina kwa mwaka wa nne sasa. Mtu wa miaka thelathini na mitatu hivi, mpole, mkarimu, ana akili ya mashine kweli. Ubaya wake, kwa macho ya Elmina, ni kwamba hakujua kusema hapana. Karani akipiga simu kulia, Kipkurui alimwambia pole mara tano. Na juu ya yote, karani mkuu wa kiwanda cha Chesamoi, Chemutai, alikuwa mama mkwe wake. Mkipsigis gani atamkatalia mama wa mke wake? Akiongea naye kwenye simu, Kipkurui alisimama wima na kuvua kofia, na huyo mama yuko umbali wa kilomita arobaini.

Sasa nikwambie jambo ambalo Elmina hakumwambia mtu, hata Onsongo. Likizo aliitaka kwa mwili wote. Lakini pembeni kabisa mwa moyo wake alikuwa akiomba Kipkurui ashindwe.

Sababu ni hii. Mwaka juzi, Aprili, ndugu yake alimpigia kutoka Nyamira: mama amezidiwa, anakuulizia wewe, njoo. Siku hiyo stima ilikuwa imerudi muda si mrefu na foleni ilikuwa na maombi sabini. Elmina akasema anakuja, amalize tu hili. Akamaliza kesho yake saa sita mchana. Alipofika, wanawake walikuwa tayari wameketi nje kwa Rebeccah wakilia. Alijiambia, na kwa miaka miwili aliendelea kujiambia, kwamba hakukuwa na njia. Hakuna mwingine ambaye angeshika. Hilo ndilo lililomwezesha kula na kulala. Je, Kipkurui akishika?

Alhamisi ikafika. Elmina aliingia saa moja asubuhi, na kabla ya kumwachia Kipkurui kiti alifanya alichofanya kila asubuhi yenye mawingu, bila hata kufikiri: akabonyeza mara tano, akafunga ukurasa. Kisha akaenda kuketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mkoba magotini, shali mabegani kwa ajili ya ile baridi.

Mpaka saa saba kulikuwa shwari. Saa nane mbingu ikawa nyeusi, na mvua ya mawe ikashuka juu ya mabati kwa kelele ambayo hata mkisemezana hamsikilizani. Stima ikaenda. Jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza, kama kawaida yake. Betri zikashikilia mfumo wa foleni pekee, na mashine pepe zote hamsini na mbili zikazimwa moja moja kwa utaratibu. Kipkurui alifanya hivyo vizuri. Elmina alikubali moyoni, kwa shingo upande.

Stima ikarudi saa tisa na dakika kumi. Kwenye kioo, maombi sitini na manne yalikuwa yamejipanga.

Simu ikaanza. Alikuwa Johana wa kiwanda cha Kaplelmet, mtu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. "Kipkurui! Malori manne yako hapa na majani hayapimiki! Si uongeze hiyo namba iwe ishirini tumalizane?"

"Pole, Johana. Haiongezwi."

"Huyo mama si anaenda likizo? Kwani ataona?"

Huyo mama alikuwa ameketi hapo hapo akisikia kila neno. Akauma ulimi.

Na kalamu ya kuandikia uzito kwa mkono je, utauliza, hawakuwa nayo? Walikuwa nayo. Lakini sheria ya Tulwobei inasema majani ambayo mashine haijayasoma hayaingii kiwandani, na mlinzi wa lango anaijua sheria hiyo kuliko sala ya Baba Yetu. Kwa hivyo malori yalingoja mashine, na mashine zilingoja foleni.

Foleni haikuwa ikisonga. Elmina aliiangalia kutoka kwenye kiti chake. Dakika kumi, maombi mawili tu yamepita. Akakaza macho kusoma majina. Mashine ya majani ya Chesamoi ilikuwa ya arobaini na moja. Mbele yake kulikuwa na takataka: "jaribio", "jaribio la pili", "stoo ya zamani", "mafunzo". Mashine ambazo hakuna mtu aliyezitumia tangu mwaka uliopita!

Hapo akaelewa, na hasira ikampanda hadi masikioni. Ni vikapu. Mtu wa chai haulizi ni vikapu gani. Kwenye banda la kupimia, mchumaji hufika mapema, huweka kikapu kitupu kwenye laini, hurudi kuchuma au kukamua ng'ombe. Kikapu kikiwa kwenye laini, mwenyewe amehesabiwa, na hakuna wa kubisha. Jirani akiwa mgonjwa unamwekea na chake. Sasa makarani hawa, watoto wa wachuma chai wote, wakiona wingu tu walikimbilia mfumo na kupanga mashine tupu. Mfumo unaruhusu kubadilisha jina la mashine iliyo kwenye laini bila kupoteza nafasi. Mtu akiwa na haraka, anatoa tupu anaingiza ya kweli. Siku ambayo hakubadilisha kwa wakati, mfumo unaiwasha hiyo tupu, na mwenye majani anazidi kungoja.

Elmina alitaka kupiga kelele. Alitaka kumsukuma Kipkurui pembeni, afute yote, awapigie mmoja mmoja awaambie maneno ambayo mshiriki wa kanisa hasemi. Akashika mkoba kwa mikono miwili. Kipkurui alikuwa hajageuka. Alikuwa akiangalia sehemu ya juu kabisa ya kioo, zile nafasi sita zinazofanya kazi.

Tano kati ya sita zilikuwa zikifanya kitu kimoja. "Nakala ya ofisi kuu, moja." "Nakala ya ofisi kuu, mbili." Mpaka tano.

Hizo zilikuwa za Elmina mwenyewe. Ni zile alizobonyeza saa moja asubuhi. Kila asubuhi ya mawingu aliweka nakala tano mbele ya laini, zimepangwa zisianze mpaka stima ikatike na kurudi, na ikirudi alizibadilisha: nafasi hii ampe Johana, hii ampe Chesamoi, hii azuie kidogo. Ndiyo maana yeye pekee ndiye aliyeweza kuisogeza foleni. Ndiyo maana akiondoka dakika kumi kila kitu kilikwama. Alikuwa na vikapu vitano mbele ya watu wote, tena vizito, kila nakala ikichukua nusu saa, na viwanda saba vilikuwa vikipita kwenye nafasi moja iliyobaki. Miaka sita hakuwahi kuiita hiyo kwa jina lake. Aliiita uangalifu.

Kipkurui akageuka, akamtazama kwa upole ule wake unaoudhi.

"Madam," akasema, "sikuulizi kitu, maana hauruhusiwi kujibu. Lakini hizi nakala tano nitazitoa. Ukiona ni vibaya, tikisa kichwa."

Alikuwa anajua. Haki ya Mungu, alikuwa amejua siku zote! Elmina angetikisa kichwa tu, na Kipkurui, mtu asiyejua kusema hapana, angeacha. Majani yangeungua, na yeye Elmina angebaki kuwa mtu ambaye bila yeye hakuna kinachokwenda. Akamwangalia huyu mtu kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Kichwa chake hakikutikisika.

Kipkurui akazitoa. Kisha akachukua simu, akaandika kwenye kundi la WhatsApp la makarani, akisoma kwa sauti huku akiandika, labda kwa ajili ya yule aliyeketi nyuma yake:

"Ndugu zangu, ofisi kuu tumekuwa na vikapu vitupu vitano mbele yenu. Tumeviondoa sasa hivi. Poleni sana. Mwenye chake atoe mwenyewe, mimi sitafuta cha mtu. Sita inabaki sita."

Kundi likanyamaza. Dakika moja, mbili. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema alikuwa na kikapu. Malori yanangoja, watu wameshikilia simu, na wote ni bubu.

Simu ikalia. Kipkurui akaangalia jina, akasimama, akavua kofia. Elmina akajua ni nani.

"Ndiyo, mama," Kipkurui akasema. "Ndiyo. Nimeona, mama, Chesamoi sasa ni ya thelathini na sita. Ndiyo, najua majani yanapata moto."

Sauti ya Chemutai ilisikika hadi kwenye kiti cha plastiki, na haikuwa ya kuomba. Alikuwa akimwambia amsogeze mbele. Alikuwa akimkumbusha ni nani aliyempa mke. Elmina akafumba macho. Haya, imeisha, akawaza, na ndani yake kule pembeni kitu kikapumua kwa nafuu. Nitakuambia ukweli, kilipumua.

"Mama," Kipkurui akasema, polepole, akiangalia chini kana kwamba mama mkwe yuko mbele yake, "mimi siwezi kukuuliza kitu, si mahali pangu. Nitakuambia tu kile ninachoona hapa kwenye kioo. Ya ishirini na mbili inaitwa mafunzo ya Chesamoi. Ya ishirini na tatu inaitwa mafunzo ya Chesamoi. Mpaka ya ishirini na tano. Mimi sijui ni za nani, mama. Nimeona tu."

Kipkurui alibaki amesimama, kofia kifuani, jasho likimtoka ndani ya chumba hicho cha baridi.

Kisha kwenye kioo nafasi nne zikafutika. Na kwenye kundi, Chemutai, mwanamke anayeheshimiwa na makarani wote kwa umri, akaandika: "Chesamoi tumetoa vinne. Wengine mnangoja nini?"

Basi! Johana akatoa sita, akaandika kwamba ni mtoto wake aliyebonyeza, na watu wakamcheka. Wengine wakafuata bila kuandika lolote. Maombi sitini yakawa arobaini, yakawa ishirini na moja, na sasa nafasi zote sita zilikuwa zikifanya kazi ya kweli. Mashine za majani zikaamka sita sita. Saa kumi na robo malori ya Chesamoi yakaanza kuingia. Saa kumi na dakika arobaini Johana akapiga simu kusema majani yalikuwa na joto kidogo tu, kidogo sana, na kwamba Mungu akubariki. Foleni ikawa tupu. Kwa miaka sita, siku stima ilipopotea, Elmina hakuwa ameiona foleni tupu kabla ya saa mbili usiku.

Mochama aliingia saa kumi na moja na fomu mkononi, tayari ameshaisaini. Akampiga Kipkurui begani, akamgeukia Elmina akitabasamu. "Umeona? Nenda nyumbani, mama. Nenda ukalale mpaka uchoke kulala. Sasa unaweza kuongea!" Akatoka, maana aliitwa kwenye mkutano.

Elmina alibaki ameketi na fomu juu ya mkoba. Nje mawe ya mvua yalikuwa yakiyeyuka kwenye nyasi. Uchovu ulimshika sasa kweli kweli, wa miaka yote kwa pamoja, na alipofungua mdomo sauti ilitoka nyembamba.

"Umejua tangu lini?"

"Nakala? Tangu mwaka ule nilipokuja, madam."

"Na hukusema."

"Wewe ni mkubwa wangu. Ningesemaje?"

Elmina akainamisha kichwa. Kulikuwa na swali moja limebaki, na alijua kwamba kama asingeliuliza angeweza kwenda nyumbani, ale, alale, aamke Ijumaa akiwa kwenye likizo. Aliliuliza.

"Aprili ya mwaka juzi. Siku ya mama yangu. Ungeweza kuishika peke yako?"

Kipkurui akavaa kofia, akaivua tena. Huyu ni mtu ambaye angempa mgeni shati lake, na alikuwa akitafuta uongo mzuri wa kumpa mama huyu, Elmina alimwona akiutafuta. Hakuupata.

"Nilikuomba, madam," akasema. "Nilisimama pale mlangoni nikakwambia nenda kwa mama, niachie. Nikakuomba mara mbili. Hukugeuka."